Ngoma Yenye Jina na Mpigaji Asiyetajwa: Karagwe, Isingiro na Safari ya Tumba

Historia ya upigaji ngoma katika Karagwe, ufalme wa kale ambao sehemu kubwa ya ardhi yake leo imo ndani ya wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ina jambo moja linalojirudia kila zama: ngoma hupewa jina, heshima na mahali pa kulala, ilhali mkono unaoipiga hupita bila kutajwa. Jambo hilo halikuishia kwenye makasri ya wafalme, kwa kuwa lilijitokeza tena katika kumbi za dansi za karne ya 20, pale muziki wa Kuba ulipoingia Afrika Mashariki ukiwa na tumba, ambayo ni ngoma ndefu ya kupigwa kwa viganja. Katika safari hiyo yote ni ng'ambo ya bahari, ndani ya muziki unaoitwa jazi ya Kilatini, ndiko mpiga ngoma alikotambuliwa kwa jina lake mwenyewe na kuandikiwa historia ya maisha yake. Makala hii inazifuata njia hizo mbili, ya Karagwe na ya Kuba, ili kuonyesha kwamba tofauti iliyopo kati yao haikutokana na ufundi bali ilitokana na swali la nani alikuwa mwenye ngoma.

Isingiro ni mahali panapofaa kuanzia uchunguzi huo. Kwa upande wa Tanzania, Isingiro ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa upande wa Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera, jina hilohilo ni la wilaya iliyo katika nchi ya kale ya Nkore. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, na Kinyankore, lugha ya majirani zao wa kaskazini, zinakaribiana kiasi kwamba wazungumzaji wake huelewana bila shida kubwa, na mpaka uliochorwa na wakoloni haukuzuia ndoa, ng'ombe, biashara wala nyimbo kuvuka mto. Kwa hiyo mtu wa Isingiro aliishi kati ya tawala mbili za ngoma, utawala wa Karagwe uliokuwa na makao makuu Bweranyange, na utawala wa Nkore, na alizijua desturi za pande zote mbili.

Neno engoma katika lugha za eneo hili lina maana mbili zisizotenganishwa. Maana ya kwanza ni chombo chenyewe, yaani gogo lililochongwa na kuachwa wazi ndani, likawambwa ngozi ya ng'ombe. Maana ya pili ni ufalme, kwa sababu mtawala aliyetawazwa alisemwa kuwa "amekula ngoma", usemi unaosikika kwa namna mbalimbali kuanzia Bunyoro hadi kusini mwa Karagwe. Mapokeo ya Wanyambo yanaueleza utawala wa Abahinda, ukoo wa kifalme wa Karagwe, kuwa ulianzishwa na Ruhinda, ambaye alichukua nchi kutoka kwa Nono wa ukoo wa Abasita; na mwanahistoria Israel Katoke, aliyechapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya ufalme huo, aliyatumia mapokeo ya namna hiyo kuujenga upya mfuatano wa watawala, ambao waliitwa kwa cheo cha Omukama. Aliyekuwa na ngoma ndiye aliyekuwa na nchi, na aliyenyang'anywa ngoma alikuwa amenyang'anywa nchi hata kama bado alikuwa na askari.

Ndiyo maana katika falme za Maziwa Makuu ngoma kuu ilikuwa na jina kama mtu. Ya Nkore iliitwa Bagyendanwa, ya Rwanda iliitwa Kalinga, na ya Burundi iliitwa Karyenda. Bagyendanwa ilikuwa na nyumba yake, ng'ombe wake, na ngoma nyingine iliyohesabiwa kuwa mke wake, na watu waliopatwa na shida waliiendea kama wanavyomwendea mzee mwenye uwezo. Ngoma za daraja hilo zilipigwa kwa nadra, hasa wakati wa kumtawaza mfalme mpya, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapo na wala si kulia. Waswahili wa pwani wana methali isemayo kwamba ngoma ivumayo haikawii kupasuka, na kwa mtazamo huo ngoma ya kifalme ilikuwa kinyume cha ngoma ya kuchezwa, kwa sababu ilinyamaza ili idumu kuliko wafalme wote walioimiliki.

Karagwe ina ushahidi wa wazi kabisa wa nguvu hiyo. Mfalme Ndagara alipofariki katikati ya karne ya 19, wanawe, Rumanyika akiwa mmoja wao, waligombea urithi, na simulizi ambayo msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliipokea katika kasri la Rumanyika inasema kwamba ndugu hao waliwekewa mbele yao ngoma ndogo, ambayo kwa uzito wake wa kawaida ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini ilikuwa imetiwa dawa ili isinyanyuke mkononi mwa yeyote asiyestahili kiti. Ndugu wengine walihangaika bila kuisogeza. Rumanyika akainyanyua kwa kidole chake kidogo. Mwanahistoria halazimiki kuiamini dawa hiyo ili auone uzito wa simulizi yenyewe, kwa kuwa inaonyesha kwamba hoja ya uhalali wa mtawala ilielezwa kwa lugha ya ngoma, na kwamba hata Rogero, ndugu aliyeendelea kumpinga Rumanyika, alipaswa kushindwa mbele ya ngoma kabla ya kushindwa mbele ya mikuki.

Speke na mwenzake James Grant walifika Karagwe Novemba 1861, na maelezo ya Speke kuhusu sherehe ya mwezi mwandamo ni kati ya maandishi ya mwanzo yanayoeleza kwa idadi upigaji ngoma wa eneo hili. Sherehe hiyo ilifanyika kila mwezi mpya ulipoandama, na lengo lake lilikuwa la kisiasa, yaani kumwezesha mtawala kujua ni wangapi kati ya watu wake walioendelea kuwa watiifu. Katika ua wa pili wa kasri Speke alikuta ngoma 35 zimepangwa chini, na nyuma yake wamesimama wapigaji 35, huku vijana wa kifalme na wakuu wa nchi wakiwasubiri wageni ili wawapeleke ua wa tatu alikokuwa ameketi Rumanyika. Msafiri huyo aliandika pia juu ya bendi ya faragha ya Rumanyika, iliyokuwa na watu 16, kati yao 14 wakipuliza tarumbeta ndefu na wawili wakipiga ngoma za mkononi. Walipotembea walijipanga safu tatu, wapiga ngoma wakiwa nyuma na miili yao ikiyumba kwa kufuata mapigo.

Maelezo hayo mafupi yanabeba habari nyingi za ufundi. Tarumbeta zinazopulizwa na watu wengi, kila mmoja akitoa sauti moja au mbili kwa zamu yake, ni za jamii ya zile zinazoitwa amakondere katika falme za jirani kama Bunyoro, na muziki wa aina hiyo hauwezekani bila mtu wa kushikilia mwendo, kwa kuwa mpulizaji anayekosa zamu yake huuvunja wimbo wote. Wapigaji wawili waliokuwa nyuma ya safu ndio waliokuwa mhimili huo, ingawa walionekana wa mwisho. Vivyo hivyo ngoma 35 haziwezi kupigwa pamoja bila mgawanyo wa kazi, ambapo ngoma moja hubaki kwenye pigo la msingi lisilobadilika, nyingine huliitikia, na kiongozi hupewa nafasi ya kupinda na kurudi. Ngoma nyingi za Maziwa Makuu zilijengwa kwa kazi hiyo: mzinga wake, yaani lile gogo lililo wazi ndani, huwa mpana juu na mwembamba chini, huwambwa ngozi pande zote mbili, na ngozi hizo huunganishwa kwa kamba za ngozi zilizokazwa ubavuni, hali inayozipa ngoma kubwa sauti nzito inayosafiri mbali juu ya vilima.

Hata hivyo, katika kurasa hizo ambamo Rumanyika, Rogero na wakuu wengine wanatajwa kwa majina, hakuna jina hata moja la mpigaji kati ya wale 35. Si haki kumlaumu mgeni peke yake kwa kasoro hiyo, kwa kuwa alikuwa akiwaandika watu jinsi walivyopangwa mbele yake. Katika mpango huo mpigaji alikuwa sehemu ya ngoma, na ngoma ilikuwa sehemu ya mfalme. Kulikuwa na msanii mwingine aliyejulikana zaidi kwa nafsi yake, naye ni mpiga enanga, chombo cha nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao ulioinuka kingo, ambaye kwa Wahaya na Wanyambo aliimba habari za mashujaa na vita. Mpiga enanga alikuwa na maneno, na mwenye maneno hukumbukwa, lakini mpiga ngoma alikuwa na mapigo tu, nayo yalihesabiwa kuwa sauti ya mwenye nchi.

Utaratibu huo ulidhoofika pamoja na ufalme. Rumanyika alifariki, migogoro ya urithi ikafuata, na miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yaliangamiza ng'ombe waliokuwa msingi wa utajiri na uhusiano wa kisiasa. Wajerumani, waliojenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, waliwageuza watawala kuwa watumishi wa utawala wa kikoloni, na Waingereza waliowafuata waliendelea kuwatumia machifu kukusanya kodi na kusimamia kazi. Hatimaye, mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu nchini kote. Ngoma ya Karagwe haikuacha kulia harusini, kwenye mavuno na kwenye sherehe za vijiji, lakini ilipoteza mwajiri wake mkuu, na mpigaji aliyekuwa wa kasri akawa mwanakijiji anayealikwa.

Ili kuelewa kilichokuja kujaza nafasi hiyo ni lazima kuvuka Bahari ya Atlantiki. Kati ya watu waliopelekwa utumwani Kuba walikuwamo wengi wenye asili ya Kongo na Angola, ambao lugha zao ni za Kibantu kama Kinyambo na Kiswahili, na ambao neno ngoma kwao lilikuwa na maana ileile ya chombo kilichowambwa ngozi. Kutokana na ngoma walizozitengeneza upya huko, zikiwemo zilizoitwa makuta na yuka, ilizaliwa ngoma iliyokuja kuitwa tumbadora au konga, na ambayo wanamuziki wa Afrika Mashariki wanaiita tumba. Ngoma hiyo ina ngozi upande mmoja tu, iko wazi chini, na mwili wake uliacha kuchongwa katika gogo moja ukaundwa kwa mbao nyembamba zilizoungwa kama pipa. Sauti zake hutofautishwa na kiganja, kwa kuwa pigo la wazi, la kuzimwa, la kofi na la kisigino cha mkono ni sauti nne tofauti zinazotoka katika ngozi moja. Juu yake hutembea klave, mfumo wa mapigo matano unaopigwa kwa vijiti viwili vya mbao ngumu, ambao kila mpigaji huufuata hata pale usiposikika.

Jazi ya Kilatini ni muziki uliotokea New York miaka ya 1940 pale mapigo hayo ya Kuba yalipounganishwa na jazi ya Wamarekani weusi, yaani muziki wa ala za kupuliza, piano na besi wenye nafasi kubwa ya kubuni papo kwa papo. Bendi ya Machito, iliyoongozwa kimuziki na Mario Bauzá, ilifungua njia hiyo, lakini aliyeifanya tumba isikike kama sauti ya mtu binafsi ni Luciano Pozo González, aliyejulikana kama Chano Pozo. Alizaliwa Havana mwaka 1915, akakulia katika umaskini wa nyumba za kupanga zenye ua mmoja, na akawa mfuasi wa Abakuá, chama cha siri cha wanaume chenye asili ya eneo la Calabar, ambamo ngoma ni kitu kitakatifu. Aliingia New York mwaka 1947 na kujiunga na bendi kubwa ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, wakapiga pamoja katika ukumbi wa Carnegie Hall Septemba mwaka huo, na Desemba wakarekodi "Manteca", wimbo ambao mapigo yake ya msingi aliyabuni yeye. Hakujua Kiingereza na Gillespie hakujua Kihispania, hivyo makubaliano yao yalifanyika kwa mapigo. Aliuawa kwa risasi katika baa mtaani Harlem Desemba 1948, akiwa na umri wa miaka 33.

Mwingine aliyeendeleza kazi hiyo ni Mongo Santamaría, naye mzaliwa wa Havana, aliyehamia Marekani mwaka 1950, akatunga "Afro Blue" mwaka 1959, na mwaka 1963 akapata umaarufu mkubwa kwa santuri ya "Watermelon Man", wimbo wa Herbie Hancock; alifariki mwaka 2003. Maisha ya wawili hao yanaonyesha mabadiliko makubwa katika historia ya upigaji ngoma. Mpiga tumba alitolewa nyuma ya bendi akawekwa mbele, jina lake likaandikwa kwenye jalada la santuri, mapigo yake yakasajiliwa kuwa utunzi wenye haki na malipo, na wahakiki wakajadili mkono wake kama wanavyojadili sauti ya mwimbaji. Hali hiyo iliwezekana kwa sababu katika soko la santuri mpigaji alikuwa anauza kitu chake mwenyewe, wakati katika kasri alikuwa ameshika kitu cha mwingine.

Muziki wa Kuba ulirudi Afrika kabla ya Chano Pozo kufika New York. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa santuri zilizotambulishwa kwa herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba, na wasikilizaji wa Kongo, Kenya na Tanganyika walizipokea kwa namna ambayo wauzaji wenyewe hawakuitarajia. Sababu yake haikuwa ngeni: mapigo yaliyokuwa yameondoka na watumwa yalikuwa yanarudi yamevaa Kihispania. Huko Kongo yalizaa rumba ya Leopoldville, na huku Tanganyika yaliingia katika vilabu vya dansi, ambavyo vilikwishaanza kuwa na bendi kama Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1932. Neno jazz katika majina ya bendi hizo, na za baadaye kama Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz, halikumaanisha jazi ya Marekani bali muziki wa dansi wenye magitaa, ala za kupuliza, tumba na manyanga.

Aliyeibeba Kuba waziwazi zaidi ni Salum Abdallah wa Morogoro, aliyezaliwa mwaka 1928, ambaye bendi yake iliyoanza mwaka 1948 kwa jina la La Paloma ilikuja kuitwa Cuban Marimba, na ambaye alifariki mwaka 1965 akiwa katika kilele cha umaarufu wake. Katika muziki wake tumba haikuwa pambo, kwa kuwa ndiyo iliyoamua kama wimbo ni rumba, cha-cha-cha au bolero, na wachezaji walibadilisha hatua kwa kuisikiliza hiyo kabla ya kusikiliza maneno. Ila bango la bendi lilimtangaza mwimbaji, na baada ya miaka ya 1960 lilimtangaza pia mpiga gitaa la solo, kama ilivyokuwa kwa Mbaraka Mwinshehe. Mpiga tumba alirudi mahali alipokuwa katika safu za Rumanyika, yaani nyuma, akishikilia mwendo.

Jambo la ajabu ni kwamba katika bendi hizohizo ngoma yenyewe ilipata tena jina. Bendi za Dar es Salaam zilijipambanua kwa mtindo, yaani namna maalumu ya mapigo na uchezaji yenye jina lake, na mitindo miwili iliyodumu kuliko yote ilichukua majina ya ngoma za Wazaramo: Sikinde ya Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978, na Msondo ya bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Msondo ni ngoma ndefu inayohusiana na unyago wa wasichana, na leo bendi hiyo inajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Mashabiki waligawanyika kuwa watu wa Sikinde na watu wa Msondo kama vile raia wa falme mbili walivyogawanyika kwa ngoma zao. Wala ufanano huo haukuishia kwenye jina, kwa kuwa bendi nyingi za wakati huo zilimilikiwa na vyama vya wafanyakazi, jumuiya ya vijana, jeshi na polisi, wanamuziki wakilipwa mshahara na ala zikiwa mali ya taasisi. Mpiga tumba aliyeacha kazi aliondoka mikono mitupu. Tumba ilibaki, na mwingine aliketi nyuma yake.

Muziki huo ulifika Karagwe kwa njia zilezile zilizoleta bidhaa nyingine. Fedha ya kahawa ilinunua redio na gramafoni, meli za Ziwa Viktoria ziliunganisha Bukoba na Mwanza, barabara za Uganda zilileta muziki wa Kampala na Kongo, na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa sura hiyo mwaka 1965, ilizifikisha bendi za mjini hadi kwenye migomba ya Isingiro. Mapokezi hayo hayakuwa ya upande mmoja, kwa sababu mwaka 2001 Saida Karoli, msanii wa Kihaya, alivuma nchini na nje ya nchi kwa nyimbo za Kihaya zilizojengwa juu ya ngoma za nyumbani, na watu ambao hawakuelewa neno moja la lugha yake walicheza kwa kufuata mapigo. Hata hapo jina lililosafiri ni la mwimbaji.

Haifai kulichukulia jambo hilo kuwa kosa la watu fulani au dharau kwa wapigaji. Katika Karagwe kutotajwa kwa mpigaji kulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa ngoma iliyopaswa kuwa sauti ya nchi isingeweza kuwa pia sauti ya mtu mmoja. Lau ingalihusishwa na mkono fulani, mkono huo ungalikuwa mshindani wa Omukama. Bendi za taasisi zilirithi mantiki hiyo bila kukusudia. Jazi ya Kilatini ilimpa mpigaji jina lake kwa sababu watu waliopelekwa Kuba walipelekwa bila mfalme na bila nchi, hivyo ngoma waliyoiunda upya haikuwa na mwenyewe mwingine isipokuwa aliyeipiga. Kwa maana hiyo jina la Chano Pozo ni faida iliyotokana na hasara kubwa. Wale 35 waliosimama katika ua wa Rumanyika walikuwa na nchi nyuma yao, na kwa sababu hiyo kilichobaki kwao katika maandishi ni idadi yao.